Meinfremu: jobu ya kila wiki ya kupeleka data za zamani kwenye tepu, miaka 7, GDG (mfululizo wa vizazi vya faili moja) inanigomea

fundi_wa_usiku

Wakuu habari za saa hizi. Najua humu wengi ni watu wa simu na wavuti lakini nimeona wawili watatu wanaoigusa z/OS (mfumo endeshi wa meinfremu, zile kompyuta kubwa za IBM) kwaiyo nabahatisha, mkinicheka poa tu.

Mimi niko Marekani, kampuni ya bima, nimehamishiwa timu ya meinfremu miezi minne iliyopita baada ya mzee mmoja kustaafu na nimerithi jobu zake zote, zikiwemo ambazo hakuna mtu ofisini anayejua zinafanya nini ila zikisimama simu zinaanza kulia. Sasa nimepewa kibarua hiki: tuna faili la miamala ya wateja, VSAM KSDS (faili linalopangwa kwa ufunguo), rekodi kama milioni 40, urefu unabadilika ila wastani ni baiti 400. Wanataka kila Jumapili usiku rekodi zilizozidi miezi 13 zitoke kwenye diski ziende kwenye tepu na zikae huko miaka 7. Kwa wiki zinatoka laki saba hivi. Yule mzee alikuwa anafanya kwa mkono akijisikia, sasa wanataka iwe ya kujiendesha.

Nilichoandika mpaka sasa: stepu ya kwanza DFSORT (programu ya kupanga na kuchuja rekodi) inasoma faili, inaandika kwenye tepu rekodi zenye tarehe chini ya DATE1-396 (tarehe ya leo kutoa siku 396). Stepu ya pili DFSORT tena, inasoma faili lile lile na kuandika zile za DATE1-396 kwenda juu kwenye dataseti ya diski. Stepu ya tatu IDCAMS (programu ya kusimamia mafaili) inafuta klasta, yaani faili lenyewe la VSAM, inaiumba upya, inarudisha zilizobaki kwa REPRO (amri ya kunakili). Inaanza saa 5 na dakika 40 usiku maana ndo muda CICS (programu inayoendesha miamala) wanaliachia faili.

Maswali yangu:

Moja, miaka 7 mara wiki 52 ni 364, nikiandika LIMIT(364) kwenye DEFINE GDG inakataa. Nikiandika 255 inakubali. Nifanye 255 tu yaishe?

Mbili, jobu zote za yule mzee zina EXPDT=99000 (sehemu ya tarehe ya kuisha) kwenye tepu. Mwaka 1999 ulishapita, hii tarehe inafanya nini?

Tatu, jamaa mmoja wa stoo ya diski ananiambia niache yote haya, HSM (programu inayohamisha dataseti zisizoguswa) itapeleka yenyewe. Kweli?

---

kipanga_z

Mkuu la kwanza rahisi. GDG ya kawaida mwisho wake ni vizazi 255, hapo hakuna mjadala. Ila kuanzia z/OS 2.2 kuna ya EXTENDED inaenda mpaka 999:

DEFINE GDG(NAME(BIMA.MIAMALA.WIKI) -
  LIMIT(400) EXTENDED NOEMPTY NOSCRATCH)

Ikikataa usishangae, watu wa mfumo lazima wawe wameiruhusu, GDGEXTENDED(YES) kwenye IGGCATxx. Waombe kwa upole, na ukienda na soda unaenda mbele ya foleni.

Angalia hapo NOEMPTY usije ukakosea ukaandika EMPTY. NOEMPTY kikiingia kizazi kipya limiti ikiwa imejaa anatoka mmoja tu, yule mkongwe kuliko wote. EMPTY wanatoka WOTE kwenye katalogi (daftari la mfumo la dataseti) siku hiyo hiyo. Nimeona mtu anaandika EMPTY akidhani maana yake ni kwamba GDG inaanza ikiwa tupu, aisee.

Kuhusu HSM jamaa yako hajakosea kabisa ila anajibu swali lingine. HSM inahamisha dataseti nzima kulingana na lini imeguswa mara ya mwisho. Faili lako linaguswa kila dakika, halitahama hata siku moja, na HSM haijui ndani yake kuna rekodi za mwaka juzi. Kuchambua rekodi ni kazi yako. Ukishachambua hapo ndo unaweza kuandika kizazi cha wiki kwenye diski ukaiachia HSM ikipeleke ML2 (ngazi yake ya pili ya kuhifadhi) kwenye tepu, siku ukikihitaji inakirudisha yenyewe. Hiyo njia si mbaya.

---

Dada_Mbezi

Samahani naingilia hata kabla hatujafika kwenye limiti. Fundi naomba usome tena muda wa jobu yako halafu usome stepu ya kwanza na ya pili. Saa 5:40 usiku. DATE1 kila stepu inajihesabia yenyewe inapoanza kukimbia. Stepu ya kwanza inaanza Jumapili, inaomba tepu, inasubiri draivu, inasoma rekodi milioni 40, tuseme inamaliza saa 6 na dakika 5. Stepu ya pili inaanza na sasa ni JUMATATU. Kwaiyo tepu imechukua zote zilizo chini ya tarehe X, na diski inabakiza kuanzia X jumlisha siku moja. Rekodi za tarehe X yenyewe hazipo kwenye tepu na hazipo kwenye zilizobaki. Halafu stepu ya tatu inafuta klasta. RC (namba ya matokeo ya stepu) sifuri kila mahali, yaani hakuna kosa, kila mtu amelala fofofo, na siku nzima ya miamala imeyeyuka.

Na usiku mwingine haitatokea! Draivu ikipatikana haraka unamaliza kabla ya saa sita na kila kitu kinalingana. Ndo ubaya wake, inakula wiki moja inaruka tatu. Najua kwa sababu nilikokuwa nafanya kazi zamani (sitaji) tulikuja kuligundua baada ya mteja kulalamika, tukahesabu tukakuta siku kumi na kitu hazipo popote pale. Nilikuwa mdogo kwenye timu lakini stepu ya pili niliiandika mimi kwa mkono wangu, mpaka leo nikiiona DATE1 mara mbili kwenye jobu moja tumbo linanikata.

Soma faili mara moja tu, kata mara moja tu:

SORT FIELDS=COPY
RECORD TYPE=V
OUTFIL FNAMES=TEPU,INCLUDE=(15,8,CH,LT,DATE1-396)
OUTFIL FNAMES=BAKI,SAVE

SAVE maana yake ni chochote ambacho OUTFIL nyingine haikukichukua. Hapo hata saa sita ipite katikati, rekodi haina pa kupotelea, isipoingia huku inaingia kule. Na unasoma milioni 40 mara moja badala ya mbili.

Hiyo 15 nimebahatisha, nimechukulia tarehe yako kwenye COBOL inaanza baiti ya 11. Kwa VSAM ya TYPE=V SORT inaweka baiti 4 za urefu mbele ya rekodi kwaiyo kila nafasi unaongeza 4. Ukisahau hilo utakuwa unalinganisha tarehe na kipande cha namba ya mteja, na itakubali tu vizuri sana.

---

fundi_wa_usiku

Dada nimekaa kimya dakika tano naangalia skrini. Nilikuwa nimeipanga ianze Jumapili hii.

Tarehe iko baiti ya 23 kwenye kopibuku (maelezo ya muundo wa rekodi), kwaiyo 27. Na ndio, nilikuwa nimeandika 23.

---

MzeeWaRili

Vijana hamjambo. Nimestaafu lakini masikio bado yapo.

Swali la pili mmeliruka. 99000 si tarehe mwanangu. Ni ishara kwa programu ya kusimamia tepu, inaiambia tepu hii ilinde mradi tu dataseti iko kwenye katalogi, ikitoka kwenye katalogi irudi skrachi (kundi la tepu za kuandikwa upya). Sasa iunganishe na swali lako la kwanza. Ungeweka LIMIT(255) na EXPDT=99000, unajua ingekuwaje? Mwaka wa kwanza salama, wa pili salama, wa tatu, wa nne salama. Wiki ya 256, yaani miaka mitano kasoro kidogo, kizazi cha kwanza kinatoka kwenye katalogi, tepu inaingia skrachi, usiku ule ule jobu ya mtu mwingine kabisa inaomba tepu tupu inapewa hiyo na kuandika juu yake. Hakuna aliyefuta kitu. Wewe umeshahamia kampuni nyingine. Anakuja mkaguzi mwaka wa sita anataka ya mwaka wa kwanza, anayeitwa ofisini ni mrithi wako.

Nenda na siku: RETPD=2557. Miaka 7 ni siku 2555, ongeza mbili za miaka mirefu. Na limiti ya vizazi iwe kubwa kuliko muda huo, hiyo 400 ya kipanga inafaa, ili kinachoamua kufa kwa tepu kiwe tarehe na sio foleni ya vizazi.

//TEPU     DD DSN=BIMA.MIAMALA.WIKI(+1),
//            DISP=(NEW,CATLG,DELETE),
//            UNIT=VTAPE,
//            LABEL=(1,SL),RETPD=2557

VTAPE weka jina la kwenu. BLKSIZE usiiandike kabisa, mfumo utachagua, naona bado watu wananakili JCL (maandishi ya kuendesha jobu) za miaka ya themanini zenye bloku ya baiti 800 halafu wanalalamika tepu ni nzito. Bloku ndogo hivyo tepu muda mwingi inameza mapengo tu.

Ila RETPD nayo usiiamini kwa macho. Kama tepu zenu ziko chini ya SMS (mfumo unaosimamia hifadhi), manejimenti klasi (kanuni zake za kutunza) ina kikomo chake cha kutunza, kikiwa kifupi kuliko siku zako kinakushinda, na kikiwa sifuri RETPD yako haisomwi kabisa. Ukishaandika kizazi cha kwanza nenda kwenye RMM (programu ya kusimamia tepu) au chochote mnachotumia usome tarehe ya kuisha ILIYOANDIKWA pale. Hiyo ndiyo ya kweli, JCL ni maombi tu.

Sisi tulipoanza Nairobi ilikuwa rili za inchi nusu, futi 2400, ukiandika kwa msongamano wa 6250 unapata megabaiti mia na arobaini, mia na sitini hivi ukibahatika. Nyuma ya rili kulikuwa na pete ya plastiki. Pete ipo, draivu inaandika. Pete haipo, haiandiki, ipige kelele itakavyo. Kila tukimaliza akiba ya wiki opereta anatoa pete anaiweka mfukoni, mtu akivuka chumba mifuko inalia kama manyanga. Kwaiyo ninyi mnabishana na katalogi kuhusu kitu ambacho sisi tulikuwa tunakibeba mfukoni. Tulivyoita vizazi ilikuwa babu, baba na mtoto, na babu haguswi mpaka mtoto amesomeka.

---

kipanga_z

Mzee shikamoo, hiyo ya pete nimeipenda.

Fundi kwenu tepu ni za kweli au ni TS7700? Maana kama ni TS7700 unachokiona kama tepu ni volyumu ya kuigiza, ya megabaiti 400 au 800 kwa kawaida, unaandika diski tu, nyuma yake kunaweza kuwa na katriji au kusiwe na kitu. Hapo kizazi chako cha wiki, laki saba mara baiti 400 ni megabaiti 280, kinaingia kimoja bila shida. Lakini kama mnaandika moja kwa moja kwenye 3592 (draivu za tepu za kweli) unaweka megabaiti 280 kwenye katriji ya JD ya terabaiti 10. Ni kukodi basi zima kumpeleka kuku mmoja sokoni. Miaka 7 yako yote haifiki hata gigabaiti 110.

---

fundi_wa_usiku

Shikamoo mzee. Ni TS7700, klasta mbili (hizi ni mashine, sio faili) majengo mawili tofauti, nimeulizia. Wanasema kila volyumu inajinakili upande wa pili.

Swali la nyongeza, sasa nikitumia SORT ya dada, stepu ya tatu ya kufuta klasta niiweke COND tu, kwamba RC ya juu ikiwa sifuri ndo iendelee? Au nayo ni mtego?

---

Dada_Mbezi

Ni mtego. RC sifuri ya SORT inakuambia SORT imemaliza kuandika. Haikuambii tepu inasomeka, wala haikuambii ulichagua rekodi ulizotaka. Ungeacha ile 23 yako RC ingekuwa sifuri vile vile.

Mimi ningetenganisha iwe jobu tatu, skedyula ndo iziunganishe. Ya kwanza inakata, inaandika tepu na BAKI. Ya pili inafungua tepu ile ile, sasa inaiita (0) kwa sababu ni jobu nyingine, inaisoma mwanzo mpaka mwisho kwa ICETOOL COUNT, inaihesabu na BAKI, na programu ndogo, hata REXX ya mistari ishirini, inajumlisha tepu na baki inalinganisha na zilizoingia. Isipolingana kwa hata rekodi moja inatoka na RC 12 na hapo hakuna cha "endelea tu tutaangalia kesho". Kwenye hesabu ongeza na tarehe ya chini na ya juu ya kilichomo kwenye tepu, ukiona tarehe ya juu ni ya mwezi uliopita ujue umekata pabaya. Ya tatu ndo inafuta na REPRO, na kabla ya kufuta inachukua DUMP (nakala ya akiba) ya klasta nzima kwa ADRDSSU, hiyo itunze wiki mbili tu.

Faida nyingine ya kutenganisha: jobu ikianguka katikati na kizazi kimeshaingia kwenye katalogi, ukiirudia tangu mwanzo (+1) inaumba kizazi kingine. Unakuwa na Jumapili moja yenye vizazi viwili vyenye rekodi zile zile, na atakayekuja kujumlisha mwaka mzima atapata pesa ambazo hazipo. Zikiwa jobu tatu unarudia iliyoanguka tu.

Mzee amesema kitu hapo, babu haguswi mpaka mtoto amesomeka. Amesomeka, sio ameandikwa.

---

mtu_wa_AS400

Nawasoma tu kutoka Nairobi, benki, sisi ni IBM i (mfumo mwingine wa IBM) na tepu zetu anazishika BRMS (programu yake ya akiba) kwaiyo hayo ya GDG siyajui. Ila la kusoma baada ya miaka naliunga mkono. Tulitakiwa kurudisha data za miaka sita nyuma, tepu ikasoma safi kabisa, halafu hakuna aliyekuwa na muundo wa rekodi za wakati ule. Baiti zote ziko pale na hakuna anayejua namba ya akaunti inaishia wapi na salio linaanzia wapi. Tulimtafuta programa aliyestaafu, tukampata shambani anavuna mahindi, akatuchorea kwenye karatasi.

---

MzeeWaRili

Huyo amegusa penyewe. Kopibuku ya siku hiyo iende pamoja na data. Sio iliyoko maktaba leo, iliyotumika wiki ile. Iandike kama faili la pili kwenye tepu hiyo hiyo, LABEL=(2,SL) na VOL=REF ya la kwanza, ni mistari mia mbili haikuli kitu. Namba pia ujue ni COMP-3 (zimebanwa) au zimeandikwa wazi, mwenye tepu bila kopibuku hawezi kubahatisha COMP-3.

Na weka daftari. Kizazi kinaitwa G0123V00, jina hilo halikuambii ni wiki gani. Kila Jumapili jobu ya pili iongeze mstari mmoja kwenye faili dogo la diski: namba ya kizazi, volyumu, tarehe ya kwanza na ya mwisho iliyomo, idadi ya rekodi, jumla ya fedha. Wakili akija kutaka miamala ya mteja fulani ya Machi miaka minne nyuma unafungua tepu moja, hufungui mia mbili.

Mashine nazo zinazeeka. Draivu za 3592 zilianza 2003 na katriji za JA, TS1150 ilipotoka 2014 haikuzisoma tena JA wala JB. Klasta zenu zikibadilishwa vyuma itabidi data zihamishwe, hiyo ni kazi ya watu wa stoo lakini wewe uwe umeandikwa mahali kwamba una vitu vya miaka 7 humo. Na kama draivu zinafunga data kwa ufunguo, ufunguo uishi muda ule ule tepu inaoishi. Tepu bila ufunguo ni utepe wa kufungia zawadi.

---

kipanga_z

Ila kwa nini asiweke tu EXPDT=99365 isiishe milele, aondokane na hesabu za siku? Nafasi ni rahisi siku hizi.

---

Dada_Mbezi

Kwa sababu hizo ni taarifa za watu, sio picha za harusi. Mimi niko Ujerumani, huku chini ya GDPR (sheria ya Ulaya ya data binafsi) ukikaa na data ya mteja kuliko sababu uliyonayo ya kukaa nayo unaulizwa, na Kenya pia ile sheria ya 2019 inasema usitunze zaidi ya inavyohitajika. Marekani sheria zao zinatofautiana jimbo kwa jimbo na bima wana wasimamizi wao, kwaiyo fundi hiyo miaka 7 usiiamue wewe na wala tusiiamue sisi. Itoke kwa watu wa sheria kwa maandishi, na uwaulize pia kesi ikifunguliwa nani anakwambia uzuie tepu zisiishe, maana tarehe ikifika mashine haijui kama kuna kesi.

---

fundi_wa_usiku

Wakuu narudi. Samahani nimechelewa, wiki mbili hizi zimekuwa za moto.

Watu wa mfumo waliwasha EXTENDED baada ya siku nne (soda ilifanya kazi, ila walitaka na sambusa). Nimekata kwa OUTFIL moja, jobu tatu kama alivyosema dada, nimekimbiza kwenye nakala ya faili la uzalishaji kwenye LPAR (sehemu ya meinfremu) ya majaribio. ICE054I (ujumbe wa hesabu wa SORT) iliyoingia 40,482,310. Tepu 702,115. Baki 39,780,195. Nimejumlisha kwa kalkuleta ya simu mara tatu.

Halafu nikafanya uhuni kidogo, nikairudisha ile jobu yangu ya zamani nikaianzisha saa 5 na dakika 58 makusudi juu ya nakala nyingine ya faili hilo hilo. Zikapungua rekodi 98,406. RC sifuri stepu zote. Nimeichapisha hiyo logi nimeibandika mezani.

Manejimenti klasi mzee ulikuwa sahihi, ilikuwa na kikomo cha siku 1830, RMM ilikuwa inaonyesha tarehe ya miaka mitano. Wametengeneza klasi mpya. Na hapo ndo nikaangalia jobu nyingine za yule mzee aliyestaafu, kuna tatu zina LIMIT(255) na 99000 za kila wiki, moja iko kizazi cha 241.

---

MzeeWaRili

241? Una wiki 14. Ile acha kila kitu uishughulikie kwanza. Kaitoe orodha ya volyumu zake zote leo, uwape watu wa RMM wazishike kwa mkono zisirudi skrachi, halafu ndio uhamie GDG mpya kwa nafasi. Na mpigie simu huyo mzee umuulize hizo mbili nyingine zilianza lini, atakumbuka. Sisi huwa tunakumbuka.